Spika za Kumuaga Mzee

Jumatatu, 3 Machi

Mzee amefariki alfajiri. Mume wa Shangazi. Usingizini, bila kumsumbua mtu, kama alivyoishi. Nimelia mpaka pua imeziba.

Naandika haya nimekaa kwenye kiti chake. Katika nyumba hii ndiye pekee aliyeupenda muziki wangu. Masikio yake yalikufa zamani, kiwandani, kwenye mitambo ya kufuma nguo. Lakini alikuwa akiingia chumbani kwangu, anaweka kiganja juu ya kaspika kangu kabovu, anafumba macho, anausikiliza mdundo kwa mkono. Halafu ananiambia imetulia. Wengine wote wananiambia nipunguze. Sasa nani ataniambia imetulia?

Mazishi Jumamosi. Tunamsubiri mdogo wake, anatoka mbali. Shemeji, mume wa binamu yangu, amegawa kazi utadhani msiba ni ofisi. Binamu, chakula. Majirani, viti. Yeye mwenyewe, turubai. Mimi? Nikae tu, nipokee wageni. Nikae tu! Mtu mwenye kipaji!

Mchana Shangazi kaniita. Niseme hapa, kwa faida ya vizazi vijavyo, kwamba Shangazi hana sauti. Alipasuliwa koo miaka mingi nyuma, ikabaki pumzi. Mume hasikii, mke hasikiki. Mtaa mzima ulikuwa ukijiuliza wanaelewana vipi, na walielewana kutuzidi sote.

Kaniinamisha, kaninong'oneza. Jumamosi anataka kumuaga mumewe kwa mdomo wake mwenyewe, na watu wote wasikie. Mdogo wa marehemu keshapiga simu kusema atazungumza kwa niaba yake, maana Shangazi na kasauti kake hako atawachosha watu bure. Shangazi hataki. Kazungumziwa vya kutosha maishani. Akanipa bahasha nikakodi vyombo kwa Fundi Spika, yule mzee wa sokoni mwenye spika za bati mdomo wazi. Kaniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo ya sauti. Hivyo ndivyo alivyosema. Nusura nilie upya.

Nimemwapia. Shangazi, utasikika mpaka barabarani.

Tafakari ya leo: kukodi ni nini? Ni kukipenda kitu halafu kinarudi kwa mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Walisema kweli, ingawa kwenye msiba maneno hayo hayafai kusemwa kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Mama mwenye dobi, bosi wangu, kanipa pole, kisha kanipa shati la mteja nimalizie kwanza. Nimelipiga pasi kwa machozi. Kola imenyooka vizuri.

Kutoka hapo moja kwa moja dukani kwa Bei Poa, muuza vyombo vya muziki. Nimesimama mbele ya kioo cha duka lile mara nyingi mno, mpaka mlinzi ananiita mkwe, maana anasema ninachumbia. Leo nimeingia ndani. Na yenyewe ipo! Kontrola ya madidjei. Sahani mbili za kuzungusha, vitufe vinawaka rangi zote. Pembeni yake spika mbili nyeusi za studio, ndogo, zimetulia, kama watu wenye adabu. Nilivua kofia.

Bei Poa kaniuliza ni za kazi gani. Nikasema hafla ya heshima, uani, watu wa kutosha. Akatikisa kichwa. Eti hizi ni za mtu mmoja aliyekaa chumbani, karibu, anatengeneza nyimbo zake. Za uani nichukue spika moja kubwa iliyotumika na maiki ya kawaida, basi. Tena itakuwa nafuu zaidi.

Nafuu zaidi! Hapo ndipo nilipomshtukia. Toka lini muuza duka akakusukuma kwenye cha bei ya chini? Bila shaka kuna mteja mwingine kamwekea hizi. Mimi si mtoto wa jana. Nikamwambia anifungie zote. Akaendelea kueleza jambo kuhusu maiki, lakini nilikuwa naangalia taa.

Bahasha imekwenda yote, na akiba yangu nyuma yake. Ikabaki nauli. Nayo nikaongezea hedifoni.

Nimetembea mpaka nyumbani boksi kichwani. Kila niliyekutana naye kanipa pole, akidhani nimebeba vitu vya msiba. Nikaitikia. Na kwa kweli ni vya msiba. Jumamosi Shangazi anasikika, Jumapili mimi ni didjei mwenye studio. Safari moja, maji na kuni. Sijui kwa nini watu wengine hawafikirii hivi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeunganisha. Nimebonyeza. Kimya.

Waya nyingine. Kimya. Taa, lakini, zinawaka vizuri sana.

Nikalazimika kusoma karatasi ya maelezo. Lo! Kontrola haina sauti yake. Ni vitufe tu. Muziki unakaa kwenye kompyuta, na kompyuta haimo kwenye boksi. Nimenunua usukani, gari bado.

Kompyuta nyumba hii ni moja, laptopu ya Shemeji. Shemeji ni msoma mita za maji. Mita za mtaa mzima zimo humo, na huibeba kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Nimempigia pasi suruali zake zote, hata zile za kufanyia usafi. Ndipo nikamwomba.

Kaniuliza kwani Fundi Spika haji na vyombo vyake? Nikamwambia mambo yamebadilika siku hizi, sauti yote inapita kwenye kompyuta. Jambo ambalo si uongo. Kanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Mwisho kanipa, kwa sharti moja. Kuna ujumbe hujitokeza kwenye kioo ukimwomba akubali laptopu ijisasishe. Yeye hukataa kila asubuhi, tangu mwaka jana. Nami nikatae. Nimeapa. Wiki hii nimekuwa mtu wa kuapa.

Na sauti ikatoka! Jamani! Safi, nzito, haina hata mkwaruzo. Nikapiga ule mdundo wangu aliokuwa akiupenda Mzee. Nikaweka kiganja juu ya spika kama yeye. Ikanitetemesha mpaka kiwiko. Nikalia tena. Binamu kagonga ukuta kunikumbusha kwamba kuna msiba. Nikamjibu ndiyo maana nalia. Kagonga mara ya pili, kwa nguvu zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya maiki.

Mnadi wa mitumba pale sokoni anayo moja nzuri. Kakubali kuniazima, ila nimpigie pasi mashati yake ya kuuza, marobota hayo. Nimepiga pasi mpaka vidole vikaota malengelenge. Nikaja mbio nyumbani, maiki kifuani.

Tundu hakuna.

Nimeitazama kontrola mbele. Nyuma. Chini. Nimeishika mbele ya dirisha nikaipitishia mwanga. Ina tundu la hedifoni, ina tundu la spika, ina tundu la waya wa kompyuta. La maiki hakuna! Kontrola nzima, taa zote zile, na mahali pa mtu kusemea hawakuweka! Nikachomeka kwenye tundu la hedifoni kwa nguvu ya imani. Nikasema haloo mpaka paka akaondoka.

Sasa nakumbuka Bei Poa alikuwa anasema nini kuhusu maiki.

Wahenga wana neno, mficha uchi hazai. Mtu mwingine angekwenda kwa Shemeji akasema ukweli. Mimi nilikaa nikafikiri, na fikra zangu hazijawahi kuniacha njiani. Laptopu ina maiki yake ndani! Katundu kadogo juu ya kioo, kama kametobolewa kwa sindano. Shangazi atasimama mbele ya laptopu, atasema, sauti itaingia humo na kutokea kwenye spika. Kwa nini niombe radhi wakati naweza kutandika meza?

Alasiri Shangazi kaja kuuliza kama kila kitu kipo tayari. Nikamwambia tayari. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kanishika hivyo hivyo. Kaniamini mzima mzima. Nilihisi kitu kizito kifuani. Nadhani ni njaa, sikuwa nimekula.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wa marehemu kafika. Alikuwa mkuu wa shule, na kustaafu hakujamfikia kooni. Tunamwita Mwalimu Mkuu. Katusalimia tukiwa tumesimama, mpaka wazee wakaanza kutafuta ukuta wa kuegemea. Huyu hahitaji chombo.

Ana hotuba mfukoni, karatasi nene, ya kumsemea mjane. Kamwambia Shangazi apumzike tu, yeye yupo. Shangazi katikisa kichwa. Kaninyooshea kidole. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikakohoa kitaalamu.

Mchana nikiwa getini, nani huyo? Fundi Spika! Anasukuma mkokoteni, juu yake zile spika zake mbili za bati, na maiki kaizungushia leso. Shemeji kamwita kimyakimya, nyuma ya mgongo wangu. Ona roho ya mtu! Fundi kasema hataki hata senti, Mzee alikuwa rafiki yake, walikuwa wakicheza bao.

Nikamwahi kabla Shemeji hajatokeza. Nikamshukuru kwa niaba ya ukoo. Nikamweleza kwamba vyombo vimepatikana, na kwamba marehemu hakupenda kelele. Fundi kasema marehemu alikuwa hasikii. Nikamwambia ndiyo hayo ninayosema.

Kanitazama. Kanipa pole. Kageuza mkokoteni, kaondoka nao taratibu akikwepa mashimo. Mgongo wake ulinisumbua kidogo. Ningeweza kumwita. Alikuwa bado hajafika kona. Halafu nikakumbuka zile spika zilivyo na kutu, na kwamba kesho watu watapiga picha.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa utulivu.

Uwanja ulijaa. Meza yangu chini ya turubai, nimeitandika shuka jeupe la dobi. Laptopu katikati, kontrola inawaka, spika moja kila upande. Chumbani zilikuwa kubwa. Uani zilikuwa kama mikate miwili ambayo mtu kaisahau. Shemeji kaja kuuliza Fundi Spika yuko wapi. Nikamwambia fundi ni mimi. Kafumba macho.

Nikajaribu sauti. Safu ya mbele wakaitikia. Safu ya nyuma wakauliza kama tunaanza lini. Nikapandisha kila kinachopanda. Spika zikapiga mlio mmoja mrefu, mwembamba, wa kukata meno. Mbwa wa mtaa wote wakaitikia. Mama mmoja akadondosha sufuria. Nikashusha.

Zamu ya Shangazi ikafika. Kasimama mbele ya laptopu, kitenge kichwani. Nikabonyeza. Jamani, badala ya maiki ukatoka mdundo wangu. Du! Du! Du! Msibani! Mbele ya jeneza! Nikahangaika na vitufe, vyote vinawaka, sijui kipi ni kipi. Nilitamani ardhi ipasuke, na ilikuwa imeshachimbwa.

Shangazi hakunifokea. Kanyoosha mkono, kaweka kiganja juu ya spika. Kafumba macho. Uwanja mzima kimya, mdundo unakwenda, na yeye kasimama hivyo hivyo kama alivyokuwa akisimama Mzee chumbani kwangu. Sikujua pa kutazama.

Ndipo ule ujumbe ukajitokeza kwenye kioo. Mimi katika kuuondoa, nikaukubali.

Kioo kikawa cha bluu. Laptopu inajisasisha, tafadhali usizime. Mdundo ukakatika. Taa za kontrola zikazimika zote. Mwalimu Mkuu kasimama, kasafisha koo, karatasi hizo zinatoka mfukoni.

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikavaa hedifoni ili nizitege sauti zitakaporudi, nikaingia chini ya meza kukagua waya. Hedifoni zile zinaziba vizuri sana, hapo Bei Poa hakunidanganya. Sikusikia kitu. Chini ya shuka niliona miguu tu. Miguu ilikuwa inasogea. Ya mbele kwanza, kisha ya kati, kisha ya nyuma kabisa, viatu vya kila aina, taratibu, kuelekea mezani kwangu. Nikajua wanakuja kunipiga. Nikabaki humo humo.

Hawakunipiga. Nilipochungulia, watu wote walikuwa wameacha viti. Wamemzunguka Shangazi, wameinama, vichwa vimelala upande, kila mmoja ametega sikio moja. Mwalimu Mkuu naye kainama, karatasi amezikunja ngumini. Midomo ya Shangazi inacheza. Watu wanafuta macho. Watu wazima, na mabega yanatikisika!

Nikajua moja kwa moja vyombo vimekubali.

Nilipovua hedifoni alikuwa amemaliza. Tukaenda kumzika Mzee. Nimetupa udongo wangu, nikasimama pale mpaka Binamu akanishika mkono. Kwaheri, Mzee. Imetulia.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nikamwuliza Binamu sauti waliionaje. Sauti gani, kauliza. Hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko angekasirika. Kanikalisha kwenye ngazi za nyuma, kanieleza.

Mwalimu Mkuu alipofungua karatasi, Shangazi alimwinulia mkono. Kisha akaanza kusema, hivyo hivyo, kwa pumzi yake. Wa mbele wakainama ili wasikie. Waliofuata wakasogea. Hakuna aliyewaambia.

Shangazi kasema watu walimhurumia kwa kuolewa na mtu asiyesikia. Kasema tangu koo lake lipasuliwe, watu wenye masikio yao mazima humwambia aongeze sauti. Dukani aongeze sauti, hospitalini aongeze sauti, hata jikoni kwake. Mumewe hakumwambia hivyo hata siku moja. Alikuwa anasogea.

Basi. Hayo tu. Kisha akalishika jeneza, akakaa.

Binamu kasema hata Fundi Spika alikuwepo, kule nyuma, naye kaja kainama kama wenzake. Ni maneno mazito sana yale. Nimeyaandika hapa kwa mwandiko mzuri ili nisiyasahau maisha yangu yote.

Shemeji kaja kuchukua laptopu yake. Imemaliza kujisasisha. Mita zote zimo, ila maandishi yamegeuka lugha ambayo hakuna anayeijua hapa nyumbani. Kasema maneno kadhaa ambayo mimi ninayaelewa vizuri. Habari za bahasha nazo keshazipata. Alikuwa anataka nifungashe virago leo leo. Shangazi kamwinulia mkono na yeye. Kasema mtoto abaki. Nina miaka thelathini na minne, lakini nilifurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kazini. Mama mwenye dobi kaniuliza shuka lake jeupe liko wapi. Nimempa pole.

Nimetafakari kwa kina msiba huu na mafundisho yake. Fundisho ni moja. Spika zilikuwa ndogo.

Hebu fikiria! Kama watu walilia kiasi kile bila chombo, je, wangemsikia vizuri? Mpaka barabarani, kama nilivyoapa? Bei Poa ana besi moja kubwa, inafika kiunoni, ina taa ya bluu mdomoni. Nilipita asubuhi. Mlinzi kaniuliza mkwe, mahari imetimia? Nikamwambia karibu. Mpango upo. Kumbukumbu ya Mzee haiwezi kuachwa hivi hivi, mwakani watu watakuja, na mtu wa kuwasimamia sauti lazima ajitayarishe mapema. Shangazi hatakataa. Anachohitaji ni kuelezwa vizuri.

Jioni hii nilikuwa mezani nafanya mazoezi. Hedifoni masikioni, nazungusha sahani. Hazitoi kitu kwa sasa, laptopu haipo, ila mkono lazima uzoee, na masikio nayo. Shangazi akaingia. Akasimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Nikaona midomo inacheza. Anasema jambo, na si fupi.

Nikamwashiria kwa kidole aongeze sauti.

Akanyamaza. Akaja mpaka mezani, akaniwekea chai. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya spika, akasimama hivyo kidogo, macho kafumba. Kisha akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Nadhani naye ameona ni ndogo.